Siku Jirani Alipoiosha Dua Yangu

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha katika uzee huu, macho yangu yakiwa bado yanauona mstari wa kitabu na miguu yangu ikinifikisha msikitini bila kushikwa mkono. Namsifu kwa kuwa alituumba mataifa na makabila ili tujuane. Namwomba pia anisamehe, maana aya hiyo nimeisomesha kwa zaidi ya miaka arobaini, na jirani yangu wa ukuta mmoja sikumjua.

Ninaishi Iftin, hapa mjini Garissa, na nyuma ya nyumba yangu nina dugsi, yaani chuo cha Kurani. Watoto wangu wa dugsi huandika aya juu ya vibao kwa wino wa makaa. Vibao hivyo tunaviita loho. Mtoto akishahifadhi aya zake, huiosha loho kwa maji ili aandike nyingine, na maji yale hayamwagwi ovyo kwa sababu yamebeba maneno ya Mungu. Kwangu humwagwa kwenye kona ya ua, chini ya mwarobaini, mahali nilipozungushia mawe ili mbuzi na watu wasipakanyage. Nalieleza hili mapema, kwa sababu asiyelijua hataelewa kwa nini mke wangu alikaa chini mchangani siku ile asiweze kuinuka.

Upande wa pili wa ukuta wetu wa mabati anaishi muuguzi wa zahanati ya mtaa. Ni Mkristo, anatoka Kenya ya chini, kama tunavyozoea kusema huku, upande wa Nyeri. Mumewe ni dereva wa lori na huonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Watu wote humwita daktari, naye ameacha kuwasahihisha. Alipojifungua binti yake, mke wangu ndiye aliyembeba mtoto yule mgongoni kila mama yake alipokuwa zamu. Kwa miezi saba mtoto amekulia kwetu kutwa, akaitambua harufu ya uvumba wetu na sauti za watoto wa dugsi kuliko anavyozitambua kengele za kanisa.

Na kuna jambo jingine. Binti yangu wa mwisho, katika mimba yake ya kwanza, alitokwa na damu nyingi pale zahanati. Muuguzi huyu alipanda naye kwenye gari la wagonjwa, mkono wake ukiwa umelikandamiza tumbo la binti yangu njia nzima hadi hospitali kuu. Mtoto hakuishi. Binti yangu aliishi. Sasa alikuwa na mimba tena, mwezi wa nane, na hakuwa tayari kuguswa na mtu mwingine yeyote. Alikuwa akisema, "Huyu anaijua hali ya wanawake wetu. Haulizi maswali ya kutuaibisha."

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuswali Alasiri. Mtoto wa muuguzi alikuwa amelia tangu adhuhuri. Hakutaka maziwa wala kubebwa. Mke wangu akanitazama akasema, "Msomee."

Nikamweka mapajani. Nikasoma Fatiha, kisha sura zile tatu fupi za mwisho, mara tatu tatu, halafu nikampulizia usoni na kichwani kama nilivyofundishwa na baba yangu. Sisi Wasomali tunaita kutufa. Ni pumzi, lakini ndani yake mna unyevu kidogo wa mate. Nimewafanyia hivyo watoto wangu wote, wajukuu, watoto wa mtaa mzima, na hata ngamia wa shemeji yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba ni mate. Kwangu ulikuwa ndio mwisho wa dua, kama nukta ilivyo mwisho wa sentensi.

Mtoto akanyamaza. Nikainua kichwa, nikamwona mama yake langoni, bado amevaa sare yake.

"Maalim," alisema, "umemtemea mtoto wangu mate?"

"Nimemsomea."

"Nimeona kwa macho yangu. Usoni."

Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilitetemeka. Alimchukua mtoto mapajani mwangu, akavuta beseni la mke wangu, akamimina maji ya jerikeni. Akatoa kwenye mkoba wake sabuni na ile dawa ya kusafishia vidonda. Akamwosha mtoto kichwa na uso, tukitazama, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akayabeba yale maji hadi nje ya lango, akayamwaga kwenye mtaro wanamopita mbuzi.

Hapo ndipo mke wangu alipokaa chini.

"Ameiosha Kurani," aliniambia kwa Kisomali baada ya jirani kuondoka. "Ameiosha kwa sabuni akaitupa mtaroni."

Mimi nilibaki nimesimama, mikono wazi, kama mtu aliyepokonywa kitu akiwa amelala. Nimeona mambo katika nchi hii yetu ya kaskazini mashariki. Nimeona miaka watu wa Kenya ya chini walipoogopa kupanda basi kuja huku, nasi tukaogopa kupanda basi kwenda kwao. Lakini mshtuko wa siku ile ulikuwa wa namna nyingine. Ulitoka uani kwangu, ndani ya beseni la mke wangu.

Kesho yake habari ilikuwa imewafikia wote, nayo ilikuwa imegawanyika mara mbili. Kwenye kibanda cha chai kijana mmoja aliniuliza huku wenzake wakificha vicheko vyao ndani ya vikombe, "Maalim, nasikia yule gaal, yule kafiri, amekuosha na sabuni. Umetakata?" Nilimwambia aniagizie chai na anyamaze. Akaagiza, lakini hakunyamaza. Nilipopita kwa mama wa Kenya ya chini anayeniuzia vitunguu na sukuma wiki, alipima vitunguu vyangu bila kunisalimu, na ananisalimu siku zote. Aliponipa mfuko akasema taratibu, "Maalim, kwani huku kwenu mtu akikupenda anakutemea mate?"

Nilienda na mfuko wangu. Nilishangaa kwamba hakuna aliyeniuliza nimefanya nini. Ilinichukua siku kadhaa kushangaa kwamba nami sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.

Jioni ya siku ya tatu binti yangu alirudi kutoka zahanati, mkono mmoja kiunoni.

"Aabo, ameandika barua ya kuomba uhamisho. Tayari ameituma."

"Mungu amsahilishie."

"Usiniambie hivyo, Aabo. Yule mwanamke akiondoka, mimi nitazalia humu humu chumbani. Siendi kwa mwingine."

"Utakufa."

"Basi nenda kamwombe msamaha."

"Nimwombe msamaha wa nini? Nimemsomea mtoto wake Kurani."

Binti yangu aliniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na hofu ile ilikuwa juu yangu mimi, baba yake, kwamba kiburi changu kitamfukia kaburini. Niliswali rakaa mbili za kuomba mwongozo, kisha nikaenda kugonga lango la jirani. Nilisikia mtoto akicheka ndani. Halikufunguliwa. Nikaenda tena kesho yake, na siku iliyofuata. Nilijiambia kuwa mwenye subira husubiri, lakini nakiri kwamba kila niliporudi nyumbani nilimpita binti yangu bila kumtazama tumbo.

Siku ya tisa, Alhamisi, basi lilimleta baba wa muuguzi. Alikuwa amekuja kumsaidia kufunga mizigo na kutangulia na mjukuu wake. Nilimwona akishuka kwenye tuktuk: mzee wa rika langu, amevaa kofia na sweta zito katika joto letu hili.

Mgeni wa jirani ni mgeni wetu. Mke wangu bado alikuwa na uchungu, lakini hakuweza kuvumilia mzee wa watu akae ng'ambo ya ukuta bila kuletewa chochote. Alijaza chupa ya chai ya maziwa yenye iliki, akaiacha langoni kwao, akarudi upesi kana kwamba ameiba.

Baada ya nusu saa tulisikia hodi. Alikuwa mzee yule, chupa mkononi. Alikuwa ameiosha.

"Nani ameniletea chai hii? Binti yangu anakataa kuniambia."

"Ni mke wangu," nilisema. "Karibu ukae."

Alikaa kwenye mkeka. Muuguzi alitokea nyuma yake na mtoto mkononi. "Baba, turudi nyumbani," alisema. Mzee hakugeuka.

"Mzee mwenzangu," aliniambia, "nimesafiri tangu alfajiri na mimi ni mtu wa kusema wazi. Binti yangu anasema umemtemea mjukuu wangu mate. Nataka nisikie kwako."

Nikamweleza: kilio cha mtoto, sura nilizosoma, pumzi. Nilieleza vibaya.

"Nionyeshe," alisema.

Nilikusanya viganja vyangu, nikasoma, nikapuliza.

"Tena."

Nikapuliza tena. Alitazama midomo yangu kama fundi anavyotazama injini. Mke wangu akaacha kumimina chai. Akaivua kofia. Akalegeza shingo ya sweta, akainamisha kichwa, akajitemea kifuani mara mbili, mate machache kama vumbi la maji.

Nilishtuka nikasogea nyuma. Nilidhani ananitukana kwa namna yao.

"Baba!" alisema muuguzi.

"Nyamaza, mami," alimwambia binti yake. Alijifuta mdomo. "Wazee wetu walibariki hivi. Nyanya yangu alinitemea ndani ya viganja siku niliyoanza shule, akaniambia nisinawe mpaka jioni. Nilienda nimefumba ngumi, mwalimu akanichapa kwa sababu nilikataa kushika kalamu." Akacheka kidogo, peke yake. "Kisha kanisa likatuambia tuache, tukaacha. Mimi ni mzee wa kanisa. Niliwakataza wengine."

"Kwa hiyo uliacha," binti yake alisema.

Mzee aliiangalia kofia yake. "Wewe nilikutemea. Ulikuwa na siku nne. Mama yako alikuwa jikoni."

Muuguzi alimhamishia mtoto mkono wa pili.

"Na siku ulipokwenda chuo cha uuguzi. Nilikushika kichwa nikakohoa."

"Kile hakikuwa kikohozi?"

"Hakikuwa kikohozi."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukipoteza njia namna ile. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akamtazama mtoto wake aliyekuwa akivuta kitambulisho chake cha kazi. Mimi mwenyewe nilihisi nywele zangu zimesimama. Miaka yote hii nilidhani dua inamalizwa hivyo kwetu tu. Na huko mlimani kwao, ambako hatujawahi kukanyaga, kulikuwa na mwanamke mzee aliyemtuma mjukuu wake shuleni na mate viganjani.

Nilitaraji kwamba sasa mambo yameisha. Hayakuisha.

"Sawa," muuguzi alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ile ya zahanati. "Nimesikia. Lakini mate ni mate. Kifua kikuu kinapita humo, na mengine. Nimeona watoto wadogo kuliko huyu wakiletwa wakiwa mifupa. Nimefika langoni nikaona mwanamume anamtemea mtoto wangu usoni. Ningejuaje? Mimi ndiye mama yake. Kuna aliyeniuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Nimesoma vitabu vingi kuhusu haki ya jirani. Nimehutubia juu yake Ijumaa kadhaa, na watu wakalia. Na mtoto wa jirani nilimchukua mapajani nikafanya niliyotaka, kwa sababu niliyotaka yalikuwa mema. Vitabu hivyo hivyo vinaniruhusu kupuliza tu, bila unyevu wowote. Nilijua. Sikuona haja.

"Sikukuuliza," nilimwambia. "Nisamehe, binti yangu."

Kabla hajajibu, mke wangu aliingilia. Kiswahili chake ni cha sokoni, na siku ile alikitumia chote.

"Na maji je? Wewe nabeba Kurani natupa kwa mtaro. Mbuzi nakanyaga. Mimi silali siku tisa."

"Kurani gani, hoyo?" muuguzi aliuliza. Humwita mke wangu hoyo, yaani mama, na hata katika siku zile tisa hakuwa amepata neno jingine la kumwita.

Nikainuka nikampeleka kwenye kona, chini ya mwarobaini. Nikamwonyesha mawe, na udongo uliokuwa mweusi kwa wino wa miaka. Nikamweleza loho zinavyooshwa, na kwamba kwa mke wangu maji ya beseni lile yalikuwa sawa na haya. Akaweka mkono mdomoni.

"Nilidhani mmezungushia mtapanda maua," alisema. "Miaka mitatu nimekuwa nikijiuliza mbona hampandi."

Akarudi kwa mke wangu, akachutama mbele yake. Sikusikia alichosema. Niliona tu mke wangu akimnyang'anya mtoto, akambeba mgongoni na kumfunga kwa shuka, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Lakini barua ya uhamisho ilikuwa imekwenda, na jibu lilikuwa limerudi: amekubaliwa, aondoke mwisho wa mwezi. Mwenyewe alituambia akiangalia chini. Binti yangu aliingia chumbani akafunga mlango.

Mzee wa Nyeri aliahirisha safari yake. Asubuhi alikuwa akija kukaa nje ya dugsi kusikiliza watoto wakipaza sauti, na aliniambia wanapiga kelele kuliko kwaya yao. Tulizungumza juu ya magoti yetu, na bei ya mbuzi, na wake zetu. Juu ya barua hatukuzungumza. Kila jioni nilihesabu kichwani hesabu mbili: siku zilizobaki kwa muuguzi na siku zilizobaki kwa binti yangu. Hazikulingana; za muuguzi zilikuwa chache.

Uchungu ulianza siku ya Jumanne baada ya chai ya asubuhi, wiki mbili kabla ya wakati. Likizo ya muuguzi ya kabla ya kuhama ilikuwa imekwishaanza. Nilimkuta mlangoni kwake akifunga katoni kwa kamba. Nilifungua mdomo lakini maneno yote ya Kiswahili yalikuwa yamenitoka. Alinitazama usoni mara moja, akaiacha kamba, akachukua mkoba.

Mimi na mzee tulikaa kwenye benchi nje ya zahanati, yeye na Biblia yake ndogo, mimi na tasbihi yangu. Tulisikia sauti ya binti yangu, kisha hatukuisikia, na kutoisikia kulikuwa kubaya zaidi. Nilikumbuka lile gari la wagonjwa. Mzee alinishika goti. 

Baada ya adhana ya adhuhuri mlango ulifunguliwa. Muuguzi alitoka na furushi, aproni yake imelowa.

"Binti yako mzima. Anataka maji na anagombana na hoyo," alisema. "Msichana. Mwadhinie, Maalim. Kisha msomee."

Akainua kidole kimoja. "Pumzi kavu."

Nilimwadhinia mjukuu wangu katika sikio la kulia. Nikasoma. Nilipompulizia hapakuwa na haja ya kujizuia, maana kinywa changu kilikuwa kimekauka chenyewe tangu asubuhi. Nyuma yetu tukasikia mzee akikohoa.

Muuguzi aligeuka. "Baba."

"Ni vumbi," alisema mzee.

Kesho yake muuguzi alikuja nyumbani kutazama kitovu na kumwogesha mtoto. Kuhusu tende ya kutafunwa na kuonjeshwa mtoto mchanga, kama ilivyo desturi yetu, tulibishana, na mpaka leo tunabishana. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa dugsi watoto wakiosha loho zao, nikamwona akitoka na beseni. Maji yale yalikuwa yamepita juu ya kichwa nilichokisomea jana. Alikwenda hatua tatu kuelekea lango, mahali ulipo mtaro. Akasimama. Kisha akageuka na beseni lake lililojaa, akavuka ua wote polepole asiyamwage, watoto wakimpisha, akayamimina chini ya mwarobaini, ndani ya mawe.

Hakunitazama. Mimi ndiye niliyelazimika kutazama pembeni. Nilikuwa nimeshtuka kwa mengi mwezi ule, lakini machozi yalinijia kwa hilo.

Ameandika barua ya pili ya kuomba abaki, na jibu halijafika. Katoni zake bado zimefungwa kwa kamba nusu nusu; naziona mlango wake ukiwa wazi, na kila nikiziona moyo wangu huruka. Mtoto wake ameanza kusimama kwa kushika ukuta wetu. Nikitaka kumsomea, humuuliza mama yake kwanza. Mara nyingine hukubali, mara nyingine husema, "Leo hapana, Maalim, una mafua."

Nawe unayesoma haya, popote ulipo na kwa lugha yoyote unayomwombea mtoto wako, Mungu akupe jirani wa kukuuliza na moyo wa kumuuliza jirani yako. Akulindie walio tumboni na walio mgongoni, na akufanyie wepesi uliyoyaona mazito. Amin.